Kuku wa Mama Penina

Kashai, Bukoba
Mwishoni mwa Novemba

Kwako dada yangu mpendwa Penina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Faruku na watoto, ambao nawajua kwa majina tu, tena kwa kusikia kwa watu. Habari za Kahama? Vumbi la huko umeshalizoea, au bado unakohoa kama ulivyokuwa ukikohoa jikoni kuni zikiwa mbichi? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha, ndizi zipo, senene wameanza kuanguka na wauzaji wameshaanza kuringa. Mimi pia sijambo.

Nimeandika hivyo kwa sababu barua huanza hivyo, na mwalimu wetu wa darasa la nne angefufuka anichape kama ningeanza vingine. Lakini wewe huijui kazi yangu, kwa hiyo hujui kwamba siku hizi kila nikisema sijambo huwa nasikia beberu akikohoa nyuma yangu. Usiogope, sijarukwa na akili, nitakueleza. Nina neno zito la kukuambia, linamhusu mama, nalo liko mbele. Nakuomba usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka kwenye vitabu vya shule. Nipe nafasi nifike kwa miguu yangu, maana nikikimbia sitafika.

Kwanza ujue barua hii imepitia wapi. Nilikwenda Hamugembe kwa Bi Rahima, shangazi yake shemeji. Namba yako alikataa kunipa. Alisema alikuahidi, na ahadi ni deni, ila barua ataitia kwenye mzigo wa basi na mtu wa duka la shemeji ataipokea. Hakunikaribisha ndani. Tuliongea tumesimama mlangoni kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Simlaumu. Tangu uolewe huko, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kupita kwake hata kumwambia habari za asubuhi, na kutoka ninapokaa mimi mpaka kwake ni mwendo wa kutembea tu huku unakula karanga.

Sasa kazi yangu. Dada, mimi nachekesha watu, na ndiyo inayonilisha, ingawa kulisha kwenyewe ni kwa mbinde. Unakumbuka nilivyokuwa nikimwigiza yule mchungaji wetu wa zamani, anavyovuta pumzi kabla ya kusema wapendwa, na mama anajifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, sauti haitoki? Mama hakuwahi kucheka kwa sauti mbele ya baba. Basi kichekesho kilekile ndicho ninachokiuza leo. Nimeungana na binti mmoja wa hapa Kashai anaitwa Shamsia, baba yake ni fundi cherehani, babu zake walitoka pwani siku nyingi. Yeye anachora, mimi naandika na kutoa sauti zote, za wanaume, za wanawake na za mifugo. Tunatengeneza katuni.

Nakuona unatabasamu. Si katuni za watoto. Jirani mmoja aliwawekea watoto wake ili watulie apike, akaja mbio na mwiko mkononi kuizima pale ng'ombe wa mke wa mwenye duka alipoanza kusimulia mambo ya chumbani. Ni vichekesho vya watu wazima, watu wanavitazama kwenye simu zao, bodaboda wakiwa wanasubiri abiria, wauguzi wakiwa zamu, hata wazee wa kanisa, ingawa hao wanasema walitumiwa na mtu kwa bahati mbaya.

Jina lake ni Anayekufuata. Kila mtu humo ana mnyama anayemfuata nyuma. Mwenyewe hamwoni, sisi watazamaji tunamwona. Mdomo wa mtu unasema Kiswahili cha adabu, mnyama anasema Kihaya, tena Kihaya cha jikoni, na anachosema ndicho kilicho moyoni. Mama mkwe anakuja na sanduku, mkamwana anapiga magoti na kumwambia karibu mama, kaa hata mwezi, na paka wake huko nyuma ameshaanza kulifunga upya lile sanduku. Bwana mmoja kwenye mnada wa mavuno kanisani anapandisha bei ya jogoo huku anacheka na waumini, mbwa wake amelala chini analia kwa jina la kila mtoto anayedaiwa ada. Tulijiwekea sharti moja tu, nalo ni la Shamsia. Mtu anaweza kudanganya atakavyo, mnyama hadanganyi. Alisema siku mnyama atakapodanganya, hakutakuwa na cha kuchekesha tena, patabaki picha tu.

Na kwetu hapa, dada, kazi hiyo haiishiwi malighafi. Sisi ndio watu ambao nyumba ya mtu imeungua jana, ukimsalimu leo anakujibu nzuri, kisha ndiyo anaanza kueleza.

Wewe ni mwerevu, umeshajua nani nilianza naye. Nilimtengeneza mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu, koti la kijivu hata jua likiwaka, anakohoa mara mbili kabla ya kujibu salamu, halafu anasema Mungu ni mwema. Mvua imebomoa choo, Mungu ni mwema. Kahawa imeshambuliwa na wadudu, Mungu ni mwema. Nyuma yake kuna jogoo mkubwa, kichwa amekificha chini ya bawa, hasemi kitu. Katika wanyama wote wa katuni yetu, huyo peke yake ndiye hasemi. Watu walimpenda kuliko wote. Walituandikia wakiuliza jogoo wa mzee atafunua kichwa lini, wengine wakawekeana dau.

Baba alimwona kwenye chama cha msingi, siku ya kupeleka kahawa. Mzee Ildefons, yule jirani yetu asiyejua kunyamaza, alimwekea simu mbele ya macho na kumwuliza kama koti hilo analitambua. Wanasema baba aliitazama mpaka mwisho, akakohoa mara mbili, akasema vijana wa siku hizi wana vipaji, Mungu ni mwema. Watu walicheka hadi mizani ikasahauliwa. Alipofika nyumbani alinipigia akaniambia kwamba kuwavua watu nguo hadharani si kazi, na kwamba nisikanyage nyumbani Buganguzi mpaka niwe nimepata kazi. Kisha akaniuliza kama nimekula. Huyo ndiye baba yetu.

Nikaona nimejiunga na wewe, tumekuwa wawili tuliofukuzwa. Lakini si sawa, najua. Mimi nilifukuzwa kwa simu na nikaulizwa kama nimekula. Wewe uliondoka siku ile wazee wa Faruku walipokuja kuposa, wakakaa sebuleni tangu asubuhi, na baba hakuwatolea kahawa ya kutafuna hata punje moja. Mgeni akiingia kwetu, hata awe mdai, kibakuli cha kahawa kinapita mkononi. Wale wazee wa watu walikaa mikono mitupu, wakaangalia dari, wakaelewa. Nilikuwa mlangoni, nilimwona mama amekishika kibakuli, hakuvuka kizingiti. Wiki ileile ulipomfuata Faruku, baba alitangaza kwamba mkewe asiitwe tena Mama Penina, aitwe Mama Gamaliel. Basi jina langu likapandishwa cheo kwa nguvu. Kisimani wanawake waliendelea kumwita Mama Penina, wakimwona baba wanajirekebisha. Yeye mwenyewe aliitika yote mawili kwa sauti ileile.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mama alianguka jikoni akimenya ndizi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka. Baba akaniita nyumbani, mambo ya kazi yakasahauliwa bila kutajwa. Hospitalini daktari alitueleza kwamba anasikia, pengine anaelewa, lakini maneno hayatarudi. Na akatuonya jambo moja. Alisema mgonjwa wa namna hii anaweza kucheka au kulia ghafla, kwa sauti kubwa, na tusidhani ni furaha wala huzuni. Ni ubongo tu unafungua bomba bila mwenye nyumba kujua. Nilimsikiliza nikajisemea, haya, huyu sasa ameniharibia biashara.

Nakuapia dada, baba alimtunza. Sikudhania. Alimlisha uji kwa kijiko, alimwogesha, alijifunza kufunga kanga. Wanaume wa kijiji walimcheka, akawaambia Mungu ni mwema. Lakini kila alipomgeuza mama atazame ukutani ili apumzike, mama alijisukuma kwa mkono mzima mpaka uso ukaelekea mlangoni. Kila siku. Baba aliliona hilo na likamkaa kooni.

Ndipo siku moja akaja hapa Kashai, bila kunipigia. Nilifungua mlango nikamkuta na koti lake la kijivu, mkungu wa ndizi begani kwa mwendesha bodaboda, na mkononi kifurushi cha kahawa kilichofungwa kwa jani la mgomba. Shamsia alikuwa mkekani na kibao chake cha kuchorea. Akataka kusimama amwamkie vizuri, baba akamzuia, akakaa kwenye kiti chetu kimoja. Akakifungua kile kifurushi, akamnyooshea Shamsia kahawa. Yeye wa kwanza, kabla yangu. Mimi nikatazama ile mikono miwili, wa mzee na wa binti wa Kiislamu, na punje katikati, nikawakumbuka wazee wa Faruku wakiangalia dari. Dada, nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe inawezekana! Kumbe haikuwa ngumu kiasi hicho! Nilichukua kahawa yangu nikatafuna.

Baada ya chai akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kutuuliza. Alitaka kujua maneno wanayosema wale wanyama tunayapata wapi, kama tunayatunga au tunayajua. Mimi nilitaka kumwambia tunatunga, baba, rudi nyumbani. Shamsia akawahi. Alimweleza kwamba tunamtazama mtu kwa muda mrefu, halafu tunakisia. Baba akasema basi tumkisie na mkewe. Alisema anataka kujua kama mama ana hasira naye. Nilimwuliza kwa nini hakumwuliza mwenyewe zamani. Akakohoa, akajibu kwamba zamani mama alikuwa na sauti, na mtu mwenye sauti ungemwuliza angeweza kukujibu.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi sana tangu siku ile. Ndiyo maneno ya kweli pekee niliyowahi kuyasikia kwake.

Tukakubaliana tuitengeneze katuni ya mama, ya kwetu tu, isitoke nje. Shamsia alitaka kujua mama ni mnyama gani. Baba ndiye aliyejibu, tena haraka, kana kwamba amekuwa na jibu siku zote. Alisema mama ni kuku anayeatamia. Hata mayai ukimwondolea, alisema, yeye anabaki amekaa palepale. Halafu akanyanyua kikombe akanywa. Shamsia akanitazama, mimi nikamtazama Shamsia. Mzee hakuwa amesikia alichokisema.

Tulikwenda Buganguzi wote. Shamsia alikaa kando ya kitanda cha mama akimtazama na kuchora. Mama alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima na hakumwachia, ikabidi binti wa watu achore kwa mkono wa kushoto. Sijui alimdhania nani. Nadhani unajua ninachodhani.

Kuku aliyemchora, dada, ni mama mtupu. Kahawia, mnene kidogo, shingo imeinama upande. Anakaa kwenye kiota, anainuka, anayageuza mayai kwa mdomo, moja moja, anakaa tena, hatulii. Mwishoni anatutazama na kusema maneno mawili tu. Kwa Kiswahili ni haya: Moja halipo. Nilitoa sauti mwenyewe, nikaiigiza sauti ya mama ya zamani, ile ya kuita watu waje kula. Nilirudia mara nyingi mpaka Shamsia akaniomba tupumzike, kwa sababu yeye alikuwa analia na mimi nilikuwa sijui kwamba nalia.

Tukamwekea baba kompyuta kitandani, miguuni kwa mama, wakatazama pamoja. Ilipofika mwisho baba aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasema kuku hajui kuhesabu. Nami nilikuwa nimejiandaa, dada, nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie kuku huyu anajua kuhesabu kuliko wewe. Na hapo mama akacheka.

Akacheka kwa sauti. Mama, kwa sauti! Kicheko kikubwa, kirefu, mdomo umepinda, mate yanatoka, macho yametoka, hakiishi. Tulimwinua tukidhani amepaliwa. Kilipokoma alikuwa ametazama mlangoni kama kawaida yake. Baba alikaa chini. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mkungu. Akasema tumeona wenyewe, mama hana kinyongo, anacheka, na ya kale yamepita. Shamsia alinikanyaga mguu nimkumbushe maneno ya daktari. Mimi nilimtazama baba, nikaona amefurahi, nikanyamaza. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, acha mzee alale.

Sasa nimefika, dada. Kaa chini kama umesimama.

Mama hayupo. Alikufa Septemba, asubuhi, kwa homa ya mapafu. Chakula kilikuwa kinamwingilia njia isiyo yake na kifua kikaharibika. Baba alikuwa amemshika. Tulimzika nyumbani, ndani ya kibanja, upande wa ile migomba ya nyuma ulikokuwa ukijificha na vitabu vyako. Nyasi zilitandazwa ndani, watu walilala, jembe halikugusa shamba, kila kitu kilikwenda kama kinavyokwenda. Ila wewe hukuitwa. Nilimwuliza baba kama tukujulishe, akasema aliyeondoka mwenyewe haitwi. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, na Hamugembe unapajua palipo. Sikwenda.

Na si hilo tu, ingawa hilo lingetosha kunitupa. Siku ya maziko mchungaji alisema historia ya marehemu isomwe na mwanawe, kwa kuwa mwanawe ana sauti nzuri. Watu wakacheka kidogo, wakijua kazi yangu. Baba akanipa karatasi, mwandiko wake ule wa kusimama wima. Nikashika kipaza sauti. Nikasoma alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alivyoimba kwaya. Nikafika pale pasemapo ameacha mume na mtoto mmoja.

Nilisimama. Niliiona kabla sijaitamka. Watu wote wa Buganguzi walikuwa mbele yangu, wakunga waliokupokea wewe walikuwa mbele yangu, wote wanajua, na wote walikuwa wametulia kwa adabu. Dada, mimi ndiye ninayewasemea kuku na mbuzi wa mkoa mzima. Watu wananisimamisha barabarani kunipongeza kwa ujasiri. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na jeneza la mama mbele yangu, na kilichotakiwa ni neno moja tu, wawili. Nikasoma ameacha mtoto mmoja. Tena kwa sauti nzuri. Nikaendelea mpaka chini.

Jeneza liliposhushwa, wanawake wakapaza kilio, na hapo hakuna aliyejirekebisha. Walilia Mama Penina. Wote, Mama Penina, mpaka udongo ulipojaa. Baba alisimama na koti lake akawaacha walie. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwetu hata kilio hakikumuumbua mtu. Watu walipomaliza walinawa mikono, wakakaa kula, wakapeana pole.

Tangu hapo, kila anayekuja kutoa pole baba humwambia mama alikwenda akicheka. Anasimulia kicheko kile kama ushuhuda wa kanisani. Kisha, baada ya watu kutawanyika, aliniomba nimwekee yule kuku kwenye simu yake, amtazame anapomkumbuka mama. Ila aliomba nirekebishe kidogo. Alisema nibadilishe mwisho, kuku aseme yote yapo.

Nilimtengenezea. Sina cha kujitetea. Alikuwa amekonda, alikuwa anakula peke yake mezani, nikaona nikimnyima hilo nitakuwa nimemnyima uji. Nikaketi nikaitoa tena ile sauti ya mama, nikasema yote yapo. Baba anamtazama kila siku baada ya sala, analala vizuri, afya yake inarudi. Shamsia alipoisikia hakunigombeza. Aliisikiliza mara moja, akakunja waya za kibao chake akaviweka kwenye mkoba. Sasa anachora mabango ya saluni na kadi za harusi. Nilimfuata mara mbili. Ananikaribisha, ananipa chai, ananiambia hana neno. Katuni imekufa. Watu bado wanatuandikia wakiuliza jogoo wa mzee atafunua kichwa lini, na mimi sijibu, maana nimeshajua kwamba hatafunua, na aliyemfunika bawa vizuri zaidi ni mimi.

Nilikuambia mwanzoni kwamba nikisema sijambo nasikia beberu, yule anayenifuata mimi, akikohoa. Nimekudanganya hata hapo. Alikuwa akikohoa. Tangu nilipombadilisha kuku yule sijamsikia.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Shemeji akusaidie kuifungua. Humo nimeweka yule kuku wa kwanza, anayesema moja halipo. Na mwishoni, kompyuta ilikuwa bado inarekodi sauti bila sisi kujua, kwa hiyo utamsikia mama akicheka. Wewe ulikaa naye jikoni kuliko mimi, ulimjua kabla sijazaliwa. Kisikilize. Kama kilikuwa kicheko, au kilio, au ni lile bomba la daktari tu, wewe huenda ukajua. Mimi nimekisikiliza mpaka nimekuwa kiziwi. Sikuombi uje, sina uso wa kukuomba hivyo. Sikuombi msamaha pia, maana nikikuomba utaniambia hakuna neno, umelelewa nyumba ileile.

Nisalimie shemeji Faruku sana, na watoto uwaambie wana mjomba anayejua kulia kama ndama. Bi Rahima hakunipa salamu za kukuletea, lakini aliipokea barua kwa mikono miwili. Mzee Ildefons angekusalimu kama angejua. Na barua ya kwetu, unavyofahamu, haifungwi bila kuandika baba anakusalimu. Nimeiandika hapa, nikaikata, nikaiandika tena, nikaikata. Hajui kama nakuandikia. Hakusalimu, dada.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa pili wa Mama Penina,

Gamaliel